Machweo ya Kericho kwenye picha: Mandhari iliyokosa wahusika

JUMAMOSI moja ya mwezi uliopita nilialikwa Litein na kikundi kidogo cha watu wanaopenda kupiga picha katika maeneo ya majanichai ya Kericho na Bomet. Hawa si wapigapicha wa harusi wala wa magazeti. Yupo mwalimu wa Jiografia, mhasibu wa kiwanda cha majanichai, muuguzi, kijana wa bodaboda na mama mmoja mstaafu aliyekuwa karani mahakamani. Kila mwezi hukutana katika chumba cha nyuma cha mkahawa, wakatundika shuka jeupe ukutani, wakaazima projekta, na kutazama picha za kila mmoja wao. Mada ya mwezi huo ilikuwa jioni.

“Wewe Daktari ni mtu wa lugha,” mwalimu aliniambia kwa simu. “Kuja tu utusaidie kuhakiki. Sisi tukianza, tunasifiana tu mpaka chai inaisha.”

Alisema kweli. Zilionyeshwa picha 31 na kwa muda mrefu niliyoyasikia ni haya: “Kali!” “Hiyo ni moto.” “Umeua, kaka.” “Imeweza.” Kuna picha moja iliyotokea ukungu mtupu, nayo ikaambiwa kwamba iko na hisia. Mpenzi msomaji, siyabezi maneno haya. Ni maneno ya kirafiki, na rafiki aliyepanda kilima saa kumi na moja jioni huku mvua ikimnyeshea anastahili neno la kirafiki. Ila maneno hayo yanaweza kuhamishwa kutoka picha moja hadi nyingine bila kubadilishwa hata silabi. Neno linaloifaa kila picha halijaitazama yoyote.

Tukumbuke hapa tofauti ambayo wanafunzi wetu huikariri darasani kisha wakaisahau. Kitenzi ‘kosoa’ kwa umbo lake ni cha kutendua, kama ‘fungua’ kutokana na ‘funga’ na ‘zibua’ kutokana na ‘ziba’. Anayekosoa analitendua kosa. Si kwamba anamshambulia aliyekosa. Nalo neno ‘uhakiki’ linatokana na ‘hakiki’, yaani kuthibitisha ukweli wa jambo. Mhakiki basi ni mtu anayeuliza: je, ndivyo? Nikawaomba wenyeji wangu tuzirudie picha chache kwa swali hilo, tuone zitatufikisha wapi.

Ya kwanza ilikuwa ya mhasibu. Ni bonde la michai, upande wa Konoin, mbingu imewaka rangi ya machungwa kutoka pembe moja ya picha hadi nyingine, na chini michai imemetameta kijani kibichi kama ya saa sita mchana. Ndiyo iliyoshangiliwa kuliko zote. Niliuliza: jua liko wapi katika picha hii? Mhasibu akaonyesha, liko mbele yetu, limekaribia kilima. Basi, nikasema, upande wa michai unaotutazama sisi unapaswa kuwa uvulini. Kijani hicho kimetoka wapi?

Akacheka. “Hiyo niliongeza kidogo kwa simu.”

Ameongeza si kidogo. Lakini kosa lenyewe halipo katika kuongeza. Hata mpishi huongeza chumvi. Lipo katika kuchanganya saa mbili za siku ndani ya picha moja, mbingu ya machweo na shamba la adhuhuri. Jicho linahisi kuna uongo hata kama mwenye jicho hajui kuueleza, na pengine ndiyo sababu huwa tunazitazama picha za namna hii kwa sekunde tatu kisha tukapita. Niligundua pia kwamba rangi ya anga yenyewe, kabla ya kuongezwa, ilikuwa nzuri zaidi. Alipotuonyesha picha asilia tuliona wekundu mzito karibu na kilima, ule ambao Waswahili huuita damu ya mzee, kisha kijivu, kisha juu kabisa samawati iliyofifia. Rangi tatu zenye majina zilikuwa zimefutwa ili ipatikane moja inayopiga kelele.

Hapa lugha inaingia kwa mlango wa mbele. Vitabu na video ambazo wapenda picha hujifunza kwazo hutoka Ulaya na Marekani, na huwafundisha kusubiri kile wanachokiita ‘saa ya dhahabu’. Hii ni tafsiri ya sisisi, na kama tafsiri nyingi za sisisi, imesafiri bila kuuliza njia. Mji wa Kericho uko chini ya nusu digrii kusini mwa ikweta, na Bomet haifiki digrii moja. Jua la hapa halitui kwa mshazari likijikokota kando ya upeo. Linashuka karibu wima. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, yaani digrii moja kila dakika nne, kwa hivyo jua lililo digrii sita juu ya upeo litakuwa limezama baada ya dakika 24 hivi. Likishazama, mwanga wa kutosha kumwona mtu usoni unabaki dakika kama 20 tu. Mjini London mwezi Juni mwanga huo wa baada ya machweo hudumu zaidi ya mara mbili. Kwetu sisi, saa ya dhahabu si saa. Na kwa kuwa Litein ina milima ya Kisii na Nyamira upande wa magharibi, jua huweza kufichika kabla ya wakati wake. Anayelisubiri kwa kitabu cha mgeni atakuta limeshakwenda.

Kiswahili kinazo hatua zake za jioni, tena kimezipanga. Kuna alasiri, jua likiwa bado lina nguvu lakini limeanza kuinamia upande mmoja. Kuna jioni, neno pana linalobeba mengi. Kuna machweo, pale jua linapochwa hasa. Kuna magharibi, ambayo ni wakati na ni mwelekeo pia, nadhani ndilo neno linalomfaa mpigapicha kuliko yote kwa sababu linamwambia lini na wapi kwa mkupuo mmoja. Kisha utusitusi, vitu vikiwa vimebaki maumbo bila rangi. Halafu giza. Kitenzi chenyewe ‘chwa’ hutamkwa ‘twa’ katika Kiswahili cha Mombasa, na ndicho kinachojificha ndani ya ‘mchana kutwa’, mchana hadi jua litue, kama vile ‘usiku kucha’ ni usiku hadi kupambazuke. Katika picha 31 za siku ile, zote zilizopewa jina la machweo, nilihesabu nne tu za machweo. Nyingi zilikuwa za alasiri iliyopakwa rangi, na mbili au tatu zilikuwa za utusitusi uliolazimishwa kung’aa.

Utasema ni kujitia makuu ya kamusi. Sivyo. Aliyeamua kwamba anapiga utusitusi hataipa kamera kazi ya kutafuta rangi, atatafuta umbo. Aliyeamua kwamba anapiga alasiri atatafuta vivuli virefu. Muuguzi, kwa mfano, alikuwa na picha iliyopita bila mtu kusema lolote. Mvua imetoka kunyesha, kama inyeshavyo Kericho mchana mwingi, hewa imeoshwa, na mstari wa mikaratusi unatupa vivuli vyake juu ya michai hadi karibu na miguu yetu. Nyuma kabisa, bonde zima limelala uvulini. Kivuli na uvuli ni vitu viwili. Kivuli kina umbo na kina mwenyewe. Uvuli ni mahali tu ambapo jua halifiki. Picha ile inakwenda kutoka kivuli hadi uvuli, kutoka vitu hadi mahali. Nilipoyasema haya muuguzi alinyamaza, kisha akasema, “Ndiyo maana sikutaka kuikata ile sehemu nyeusi ya nyuma. Sikujua kwa nini, lakini nilikataa.” Alikuwa amejua. Alichokosa ni neno la kujitetea, maana mwezi uliotangulia wenzake walikuwa wamemshauri aikate.

Nikaongeza kwamba wenyeji wa nchi hii wana mpangilio mwingine wa jioni, tena wanautembeza na kuuandika kwenye vitambulisho. Kiprotich na Cherotich ni waliozaliwa ng’ombe wakirudi nyumbani. Kiprono na Cherono, mbuzi na kondoo wakirejeshwa. Kiplangat na Chelangat, jua likichwa na giza likiingia. Kipkemboi ni wa usiku. Chumbani mle kulikuwa na majina matatu ya aina hiyo, na hakuna picha hata moja kati ya 31 iliyokuwa na ng’ombe. Waswahili wa pwani nao huita saa mbili au tatu za asubuhi ‘mafungulia ng’ombe’. Jamii moja imeupa asubuhi wakati wake kwa ng’ombe wanaotoka, nyingine imeupa jioni wakati wake kwa ng’ombe wanaorudi, na zote mbili zimepima mwanga kwa kazi inayofanyika ndani yake. Sisi tumekuja na kamera tukaupima kwa rangi ya mawingu.

Nifike sasa kwenye neno lililonileta. Kila aliyeonyesha picha alisema, “Hii ni mandhari ya…” kisha akataja mahali: mandhari ya Chagaik, mandhari ya Mogogosiek, mandhari ya Kapkoros. (Mandhari hii au mandhari haya? Nimesikia zote mbili hata kwa walimu wangu. Leo tuiache ngeli ipumzike.) Asili yake ni Kiarabu, kutoka shina lenye maana ya kutazama, na ndugu zake katika Kiswahili ni ‘nadhari’ na ‘nadharia’. Kwa maana hiyo, kilima peke yake si mandhari. Kinakuwa mandhari pale mtu anaposimama akakitazama. Kila mandhari ina mtazamaji, na mtazamaji ana mahali aliposimama.

Lakini mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu nchini humu analijua neno hili kwa maana nyingine. Katika uhakiki wa fasihi, mandhari ni mahali na wakati ambapo matukio ya hadithi yanatokea. Mwalimu akimwuliza mwanafunzi mandhari ya riwaya, hatarajii kusikia kwamba ni ya kupendeza. Anatarajia kusikia nani anaishi pale, anafanya nini na mahali pale panamfanya nini. Hakuna mandhari bila wahusika. Nikawauliza wenyeji wangu: wahusika wa picha hizi wako wapi?

Kimya kidogo. Mwalimu akasema anayo moja yenye mtu.

Alikuwa nayo, na kusema kweli ilikuwa imepigwa kwa ufundi. Mama amesimama katikati ya michai, kikapu mgongoni, uso ameuelekeza kwenye jua, nasi tunaona umbo lake jeusi tu dhidi ya anga. Upeo umenyooka, jua limekaa pale panapotakiwa. Wote wakasema kali. Yule mama mstaafu, ambaye hadi hapo alikuwa ametumia muda mwingi kumimina chai, akaiweka birika chini.

“Huyo kikapu chake ni tupu,” akasema.

“Umejuaje, mama?”

“Nilichuna nikiwa msichana. Kikapu kikiwa na majani, mabega yanaenda nyuma na kichwa kinakuja mbele. Huyo amesimama kama mtu wa sanamu. Na saa hizo anatafuta nini shambani? Majani yameshapimwa.”

Mwalimu akakiri. Alimkuta mama huyo akirudi nyumbani, akamwomba arudi hatua kumi ndani ya shamba asimame. Alimpa shilingi mia mbili. “Za chai,” akasema, na wote tukacheka kwa sababu hatukujua la kufanya.

Huo ndio uliokuwa uhakiki bora wa siku nzima, nami sikuwa nimeutoa. Haukutokana na kanuni ya upigaji picha bali na mabega. Na ulifichua jambo ambalo sikuwa nimeliwaza kabla ya kusafiri. Jioni, mwanga unapokuwa mzuri, mashamba huwa matupu kwa sababu za kikazi. Majani yaliyochunwa hayawezi kulala shambani. Mkulima mdogo wa Bomet au Bureti huyabeba hadi kituo cha kununulia, karani huyapima, kisha watu husubiri lori la kiwanda. Mchunaji wa shamba kubwa naye huwa ameshafikisha mzigo wake kwenye mizani. Kwa hivyo mpigapicha anayetoka kazini saa kumi na moja na kukimbilia kilimani hukuta kijani kitupu, akadhani ndivyo mahali palivyo. Utupu huo ni wa saa, si wa mahali.

Na kijani chenyewe? Tazama picha yoyote ya michai ya Kericho. Kinachotuvutia ni ule usawa, uso uliolala kama zulia lililotandikwa juu ya vilima. Mchai haujiumbi hivyo. Ukiuacha bila kuuchuna unakua mti wa mita kadhaa. Uso ule ni alama ya mikono inayorudi kila baada ya siku saba hadi kumi na nne, ikachukua majani mawili na chipukizi, na ya panga linalopogoa kila baada ya miaka kadhaa. Mistari tunayoifuata kwa lenzi zetu ni vijia vya wachunaji. Picha inaposema “maumbile yalivyo mazuri”, inawanyima watu kazi yao mara ya pili, baada ya kuwaondoa wenyewe kwenye fremu.

Nasema mara ya pili nikijua uzito wake. Kilimo cha kibiashara cha majanichai kilianza kushika Kericho katikati ya miaka ya 1920, kampuni za Uingereza zilipopewa ardhi. Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai kutoka nchi ya Wakipsigis, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Madai ya Wakipsigis na Watalai kuhusu ardhi hiyo hayajazimika. Mwaka wa 2022 yalipelekwa katika Mahakama ya Haki za Kibinadamu ya Ulaya. Mei 2023 mashine za kuchuna majanichai ziliteketezwa huko Kericho na watu waliohofia kazi zao. Nchi yenye historia ya kuwaondoa watu kwenye michai ina sababu ya kujiuliza kwa nini picha zake za kupendeza hazina watu. Simshtaki mhasibu wetu kwa ukoloni. Alitoka tu kutafuta hewa. Lakini jicho nalo hurithi.

Mhasibu hakukubali, na hoja yake ilikuwa nzito kuliko nilivyotazamia. “Daktari, mimi wiki nzima naona hawa watu. Naona kilo zao, makato yao, wanakuja kwa dirisha langu kulia juu ya bonasi. Jumamosi nikipanda kilima sitaki kuona mtu yeyote. Nataka kunyamaza. Sasa hata hiyo ni makosa?”

Nilijaribu kumjibu na sikuridhika na jibu langu. Nilisema kwamba kupumzika ni haki na picha ya kimya ni picha halali, mradi isijiite picha ya Kericho. Aiite picha ya kimya chake. Nikakumbusha kwamba zipo picha tupu zisizodanganya. Muuguzi alikuwa na nyingine ya paa la Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu wa Yesu pale Kericho mjini, lile lililokamilika mwaka wa 2015, paa refu linalopanda kuelekea upande wa madhabahu kana kwamba limechukua mteremko wa kilima na kuupindua. Hakuna mtu ndani ya fremu, lakini paa lenyewe linasema limejengwa na watu kwa ajili ya watu. Utupu wake unasubiri Jumapili. Mhasibu alitikisa kichwa kwa namna ambayo sikujua ni ya kukubali au ya kunivumilia. Bado nafikiria alichosema.

Waliozoea Mombasa ya miaka ya 1990 watawakumbuka wapigapicha wa kivuko cha Likoni, pamoja na vibanda vyao vya mandhari za kuchorwa. Abiria aliyeshuka feri alisimama mbele ya kitambaa kilichochorwa, akapigwa picha, akaituma kwao. Wasomi wengine waliziona picha zile kuwa za kuchekesha, kwa sababu mandhari ni ya uongo waziwazi. Mimi naziona kuwa na adabu kuliko nyingi za leo. Mandhari ilikuwa ya uongo ili mtu awe wa kweli: huyu hapa, kwa jina, kwa kiatu chake kipya, siku aliyofika mjini. Sisi tumeitengeneza mandhari ikawa ya kweli kabisa, kila jani linahesabika, na mtu tumemgeuza kitambaa.

Picha ya mwisho ilikuwa ya kijana wa bodaboda. Alikuwa ameketi karibu na mlango muda wote, na alipoitwa alisema picha zake si za mashindano, ni za simu tu, tena simu ya zamani. Alikuwa nayo moja. Ilionyeshwa haraka haraka na mtu aliyeshika projekta alitaka kuipita.

Ni kituo cha kununulia majanichai, mahali fulani upande wa Bomet. Banda la mabati lisilo na kuta. Mbingu imeshakwenda, umebaki mstari mmoja wa kijivu juu ya miti. Balbu moja inaning’inia, na chini yake mizani. Viroba vya majani vimepangwa kwa safu, vingine vimeegemeana. Kina mama sita au saba wameketi juu ya ukingo wa saruji, wengine wamejifunika leso kichwani, na mmoja amemlaza mtoto mapajani. Mwanamume amesimama akiitazama barabara. Tunaona mgongo wake tu. Hakuna anayeitazama kamera.

Kwa kanuni zote tulizozitaja, picha hii ina makosa. Upeo umeinamia kushoto. Balbu imeunguza sehemu ya katikati hadi kuwa nyeupe tupu. Upande wa kulia kuna gurudumu la pikipiki, bila shaka ya mwenyewe. Ingekuwa yangu ningesogea hatua mbili ili nguzo ya banda isimkate mama wa tatu kichwa. Niliyasema haya yote, maana kukosoa ni kukosoa hata ukipenda. Lakini nilisema pia kwamba hii ndiyo picha pekee niliyoiona siku ile ambayo mwanga wake una kazi. Balbu ile imewashwa ili karani asome kilo. Mstari wa kijivu umebaki ili tujue wamengoja tangu mchana. Viroba vimekaa mahali ambapo katika picha nyingine kungekuwa na vilima, vina migongo kama vilima, na kila kimoja kina mwenyewe aliyeketi karibu nacho. Mgongo wa yule mwanamume unaeleza habari ambayo uso wake ungeiharibu: anatazama kule ambako kitu kinapaswa kutokea.

Mama mstaafu alivaa miwani, akasogea hadi karibu na shuka, kivuli chake mwenyewe kikaangukia picha. Akakitazama kile kiroba cha mbele. “Hayo majani yameanza kupata moto,” akasema. “Yamekaa sana.” Mhasibu naye akainuka, akaangalia pale alipoonyesha. Hakusema kitu, lakini ndiye aliyemwambia mwenye projekta aiache picha hiyo ukutani, asiipite.

Mwalimu, ambaye huandika jina la kila picha katika daftari la kikundi, alimwuliza kijana picha hiyo inaitwaje. Zilizotangulia zilikuwa Machweo ya Kwanza, Machweo ya Pili na kadhalika. Kijana alifikiri kidogo.

“Andika ‘Lori Bado’.”

Muuguzi akauliza lori lilifika saa ngapi. Saa nne usiku, akasema. Alikuwepo, kwa sababu mama yake ni yule wa tatu, aliyekatwa na nguzo, na alikuwa akimngoja ampeleke nyumbani. Tukamwuliza mbona hakupiga picha lori lilipofika, taa zake zikiwamulika watu wote wakiinuka.

“Simu ilikuwa imezima,” akasema. “Na nilikuwa nabeba viroba.”